Kiti Nitatoa, Jampa Sitoi

Jumapili, Julai. Kiganjo.

Baridi. Si ile ya kuvaa sweta ikaisha, ni ile ya Julai yetu, ya kukaa jikoni na viatu miguuni huku umeshika kikombe kwa mikono miwili. Manyunyu tangu asubuhi. Mlima haujaonekana tangu Jumatano, nami sijautafuta.

Leo nimevuliwa cheo. Naandika hasira ikiwa bado moto, kwa hiyo mnaosoma mnisamehe, au msinisamehe, shauri yenu. Kikundi cha kina mama cha kanisa letu, ambacho nimekisimamia upande wa jikoni kwa miaka sita, harusi kwa matanga, kimenitaka niombe msamaha mbele ya watu au nirudishe ufunguo wa stoo ya sufuria.

Nimerudisha ufunguo.

Kosa langu ni kwamba Jumamosi ya wiki iliyopita nilikataa kumpa mtu jampa. Kwa wasio na gari: jampa ni zile nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, za kuazima umeme kutoka betri ya gari linalowaka hadi betri ya gari lililokufa. Ni kazi ya dakika tano. Huku kwetu, Julai ikikaza, kila asubuhi utaona magari mawili yamesimama pua kwa pua kwenye lango la mtu, na hakuna anayekataa. Nyanya zetu walipoishiwa na moto walienda kwa jirani na kigae kuomba kaa, na ulimpa mtu hata kama hamsalimiani. Jampa ni hivyo hivyo.

Nami nilikataa. Mbele ya wakwe.

Majina nimeyabadilisha. Gari sikulibadilisha kwa sababu haliwezi kujificha. Ni 406, station wagon, kijani kilichochoka, simba puani, viti saba. Viwili vya nyuma kabisa vinatazama nyuma, kwa hiyo ukibeba watoto huwapungia mikono madereva wanaokufuata mpaka Nyeri mjini. Nyumbani tunaliita Mfaransa. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa amehamishwa, na watu walinipa pole kana kwamba nimefiwa.

Najua wanayosema. Ati spea hazipatikani. Ati hakuna fundi. Ati mwanamke mwenye akili zake hununua Mjapani kama watu, gari ambalo hata muuza njugu wa Karatina anaweza kulifungua na kulifunga. Kila sherehe lazima atokee mwanamume mmoja, amzunguke Mfaransa mara mbili, apige tairi teke, halafu aniulize, "Mwalimu, hii iko na shida gani?" Namwambia shida yake ni kuulizwa maswali. Wanaume hao wote hufika nyumbani salama na magari yao, nami hufika na langu, lakini ni mimi tu ninayetakiwa kujieleza.

Nalipenda gari hili kwa sababu moja, na sioni haya kuisema. Mama yangu hulala ndani yake.

Maitũ, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, figo zake zimechoka. Kila Jumatatu na Alhamisi nampeleka Nyeri kusafishwa damu kwa mashine. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko mlangoni, namwacha, naenda kufundisha, narudi kumchukua akiwa hana nguvu hata ya kufunga vifungo vya sweta. Viti vya Mfaransa ni vipana na laini, na springi zake zinameza mashimo ya barabara hii bila maneno mengi. Ndugu zangu wameshambeba kwenye magari yao, akafika nyumbani akiguna kila mfupa. Kwa Mfaransa hulala kabla hatujatoka mjini. Ndugu zangu wanasema ni mazoea tu. Basi na yawe mazoea.

Fundi yupo pia, tena si mmoja wa kubahatisha. Mzee Athumani wa Majengo, Nyeri, amezishughulikia gari za Kifaransa tangu nikiwa msichana. Alizaliwa Majengo, babake alizaliwa Majengo, na Kiswahili chake kinanifanya mimi mwalimu wa Kiswahili nisimame wima. Mara ya kwanza nilipompelekea gari alifungua boneti, akalitazama muda mrefu bila kugusa kitu. "Mfaransa ana adabu zake, Mwalimu," akaniambia. "Usimwendee kama unamwendea mbuzi."

Adabu ya kwanza ilinichekesha. Ukitaka kuchomoa betri ya gari hili huchomoi tu. Unazima, unatoa ufunguo, unafunga milango, halafu unangoja. "Mwache alale kwanza," husema Athumani. Ndani mna kompyuta inayochukua muda kusinzia, na ukiikatia umeme ikiwa macho, ikiamka hujui itakuwa imesahau nini. Basi tunakaa juu ya tairi kuukuu, mimi na mzee, dakika kumi nzima tumenyamaza tukingoja gari lilale, na mafundi wa gereji ya jirani wanatutazama kama watu waliorogwa.

Adabu nyingine nimezishika moja moja. Rejeta yake haijazwi maji ya mfereji, hata kama umekwama Kibirigwi na jua linakuchoma. Mkanda wa injini unabadilishwa muda wake ukifika, hungoji ulie, kwa sababu haulii. Linki za mbele, vile vyuma vifupi vya karibu na magurudumu, zikianza kugonga kwa sauti ndogo kama mtu anayebisha kwa ukucha, zibadilishe zote mbili, si moja. Jana tu nilikuwa gerejini kwa sababu ya linki hizo, mikono yangu mwenyewe ina grisi mpaka leo, na nilienda nayo kanisani makusudi.

Na kuna adabu ya mwisho: Mfaransa hatoi jampa. Kosea kidogo, waya uchomoke wakati usiofaa, na ile kompyuta inakwenda na maji.

Hii aliniambia nikiwa nimeshaivunja.

Ilikuwa Julai ya mwaka juzi. Alfajiri Mama Shiko aligonga lango langu. Mama Shiko ni jirani yangu, nyumba ya tatu, na ni rafiki yangu. Watoto wetu walikulia kwenye nyumba zote mbili na hatukuwa tukijua nani amekula wapi. Gari lake lilikuwa limekataa kuwaka, na saa mbili alitakiwa Kerugoya kwa mahojiano ya kazi. Alikuwa amevaa suti ya kuazima na alikuwa anatetemeka, sijui ni kwa baridi au kwa woga. Nilimtoa Mfaransa nje nikiwa na leso juu ya nguo za kulalia. Tukaunganisha nyaya. Gari lake likakohoa, likakohoa, likawaka, na kwa furaha nikazing'oa nyaya kwa pupa magari yote mawili yakiwa yananguruma.

Taa zote za dashibodi ya Mfaransa ziliwaka kwa pamoja, nyekundu, manjano, kijani, halafu zikazima na injini ikazima nazo.

Mama Shiko hakuona. Alikuwa ameshaingia garini, anafunga mkanda, ananiambia Mungu anibariki. Nilimpungia mkono mpaka akakata kona. Nikarudi, nikageuza ufunguo, kimya. Nikageuza tena.

Jioni alinipigia simu analia. Alikuwa ameipata kazi. Ningemwambiaje?

Kwetu ukimtendea mtu wema hurudi baadaye kumwonyesha bei yake. Huko ni kusimanga, na watu humsamehe mwizi kabla ya msimangaji. Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa. Nilitenda, ila sikuwa tena na gari la kwenda nalo.

Basi watu walipouliza nini kimeliharibu gari, nilijibu, "Si mnajua hawa Wafaransa." Wakacheka, nami nikacheka nao. Mama Shiko alicheka pia, akaniambia nitafute Mjapani. Nikiri hapa kwamba nililisingizia gari lisilo na kosa lolote, kwa miezi minne, ili rafiki yangu asijue.

Miezi minne ni rahisi kuitamka. Kompyuta ile haikupatikana Nyeri. Athumani alitafuta Nairobi, barabara ya Kirinyaga, wakamletea isiyolingana. Nilijiunga na kundi la simu la wenye magari ya Kifaransa wa pande hizi za mlima, watu wa ajabu, wanaotumiana picha za bolti na kupongezana. Mmoja wao, mama wa Kerugoya, alikuwa na 406 iliyogongwa ikabaki nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Tukawahamisha kuku, tukatoa kompyuta. Kisha ikabidi mtaalamu atoke Nairobi na laptopu yake aifundishe kuutambua ufunguo wangu, naye alikuja alipojisikia kuja.

Na mashine ya damu haijui kungoja. Maitũ alienda kwa teksi zilizochelewa. Alienda kwa bodaboda, nimeketi nyuma yake nikimshikilia kiunoni asidondoke, mvua inatupiga. Siku moja tulichelewa, nafasi yake kwenye mashine ikapewa mgonjwa mwingine, tukarudishwa nyumbani. Siku mbili zilizofuata alivimba uso mpaka macho yakawa mistari, akawa anapumua kwa shida, na hakulalamika, jambo lililonitisha kuliko kuvimba kwenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mara nyingi tulipokuwa tumesimama stendi Mama Shiko alitupita akienda kazini. Nisimnyime haki yake: mara mbili aliiacha njia yake akatufikisha hospitali. Siku nyingine alikuwa amechelewa, akapiga honi na kupunga mkono. Hakujua. Nilijiambia hakujua, hakujua, na bado moyo wangu ulikuwa unanuna.

Tangu gari lilipopona niliapa. Hakuna waya utakaogusa betri ile.

Sasa nifike Jumamosi ya wiki iliyopita. Ilikuwa ruracio ya Shiko, binti wa Mama Shiko, siku ya kupokea mahari. Wakwe walitoka Wang'uru na magunia ya mchele wao, ule unaonukia kabla hujafunguliwa. Nilipika. Nilisimamia sufuria kumi na mbili tangu usiku na hakuna mgeni aliyeondoka akitafuta chumvi. Maitũ alikuja pia, akala kidogo anavyoruhusiwa, halafu akaenda kukaa kwenye kiti chake cha mbele ndani ya Mfaransa, blanketi magotini, dirisha wazi ili asipitwe na maneno.

Saa kumi na moja wageni wakaanza kuondoka. Kina mama tukasimama langoni kuwasindikiza kwa wimbo, magari yakapita moja moja. Likabaki moja, jeupe, kubwa, la amu yake bwana arusi, lenye wazee wanne ndani. Halikuwaka. Walikuwa wameacha redio ikicheza tangu mchana. Wimbo ukafika mwisho, tukauanza upya. Ukafika mwisho tena. Huwezi kuwanyamazia wakwe wakiwa bado langoni, kwa hiyo tukauanza mara ya tatu, sauti zimeanza kukwaruza.

Gari lililokuwa karibu ni langu. Mama Shiko akanijia mbio mbio, uso unang'aa.

"Mwalimu, hebu sogeza gari yako, tuwape jampa waende."

"Jampa siwezi, Mama Shiko," nikamwambia. "Lakini niko na viti saba. Wazee waingie niwapeleke Wang'uru saa hii, na hiyo gari ifuatwe kesho."

Alidhani natania. Yule amu akasogea, mtu mcheshi, ameshiba, hana ubaya wowote. "Mama, ni jampa tu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Si ati tumekuomba figo!"

Walicheka. Wale wa Wang'uru walicheka kwa sababu hawakujua. Watu wetu walitazama chini. Maitũ, dirishani, alicheka kuwashinda wote, maana yeye hucheka kila kitu kinachomhusu. Mimi sikujizuia.

"Hata mkiniomba mara mia," nikasema, "sitoi!"

Wimbo ulikatika hapo hapo.

Niliwasha gari langu, nikaenda kumtafuta mwenye lori la maziwa wa barabara ya juu, nikamkuta anakula, nikamtoa mezani. Nilirudi naye baada ya dakika ishirini na tano. Lori likatoa jampa, wakwe wakaenda. Hilo la lori hakuna anayelisimulia. Linalosimuliwa kutoka hapa mpaka Karatina ni kwamba Mwalimu wa Mfaransa aliwanyima wakwe moto wakasimama kwenye baridi.

Ndipo leo, baada ya ibada, tukaitwa kikao.

Mwenyekiti wetu ni mama mpole, hata akikukemea unatamani kumshukuru. Aliomba, akatukaribisha, akasema, "Sisi hapa hatunyimanangi moto. Mwalimu aliaibisha mwenzetu mbele ya wakwe. Mimi sitaki kesi. Aseme pole tu, tumalize hii maneno."

Pole tu. Ni neno dogo, na nilisimama nikiwa nimekusudia kulisema, naapa. Nilikuwa nimelitayarisha toka asubuhi nikichemsha chai. Halafu nikatazama dirishani nikamwona Maitũ garini, amelala, kichwa kimeegemea mkanda, mdomo wazi kama mtoto. Na kesho ni Jumatatu.

Nikasema, "Pole kwa wimbo tuliimba mara tatu. Jampa sitoi. Leo sitoi na kesho sitoi. Kiti nitatoa. Mtu wa hapa akitaka kupelekwa hospitali, akitaka kupelekwa matanga, saa yoyote, agonge lango yangu na nitatoka. Lakini waya haitagusa hiyo betri. Niliwahi kupea mtu, gari ikakufa miezi nne, na nyinyi mnajua ni nani hakuwa na miezi nne ya kungoja."

Mwenyekiti akaniuliza polepole, "Ulipea nani?"

"Sitasema."

Mmoja wa nyuma akasema, "Ni kisingizio hiyo," na wengine wakaguna kukubali. Nilifungua mkoba, nikatoa ufunguo wa stoo, nikauweka mezani mbele ya mwenyekiti bila kuurusha, ingawa nilitamani kuurusha. Mama Shiko alikuwa mstari wa pili. Alikuwa akitazama mikono yake, na kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya vidole vingine, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu miezi.

Nikatoka.

Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari aliponifikia. Alikuwa ameuacha mwavuli wake ndani, na manyunyu yalikuwa yameshatua kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Ni mimi?" akaniuliza.

Ningesema la. Nimelisema la hilo miaka miwili, kwa kucheka na kwa kunyamaza, na siku moja zaidi isingeniua. Lakini nilikuwa nimetoka kuvuliwa cheo mbele ya wanawake arobaini, na hasira ni hasara, hata wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanalijua.

"Ni wewe," nikasema. "Siku ile ya Kerugoya."

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema ukweli, na ukweli si dhambi. Sikuishia hapo. Nilimtazama machoni, rafiki yangu wa miaka kumi na minane, nikamwambia, "Hiyo kazi yako uliipata na pumzi ya mama yangu."

Naiandika hapa ili niione vizuri. Niliisema kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele, na ilinipa raha. Raha hiyo ilidumu kiasi cha kufunga mlango.

Hakulia. Alisema, "Aki ungeniambia," chini chini, si kwangu hasa. Alimtazama Maitũ kupitia kioo. Maitũ alikuwa ameamka, hajui lolote, anahangaika na kitufe cha dirisha mpaka likashuka.

"Nyina wa Shiko," akamwita, "ingia wewe, unanyeshewa."

"Asante, Maitũ. Wacha nitembee."

Akatembea. Kutoka kanisani hadi kwetu ni kama kilomita moja na nusu. Nilimfuata nyuma kwa mwendo wa mguu, gia ya kwanza, waipa zikienda na kurudi, na Maitũ akinikemea njia nzima kwamba nimelelewa vibaya, nisimame nimbebe mtu. Nilisimama mara mbili. Mara zote mbili Mama Shiko aliendelea kutembea bila kugeuka, viatu vyake vya kanisani vimejaa tope, na watu waliokuwa wanatoka kanisani walitupita wakitutazama. Alifika kwake, akafungua lango lake, akalifunga taratibu sana. Angelibamiza ningejisikia nafuu.

"Tumemkosea nini?" Maitũ akaniuliza.

"Ni ile jampa."

"Kumbe bado ni hiyo jampa?" akasema, na kabla sijaegesha alikuwa amelala tena.

Sasa ni saa kumi, chai imepoa, na nimefikiria mambo haya kutoka pande zote.

Athumani alinishauri jana ninunue betri kuukuu niibebe nyuma, ya kuazima watu, ili amani irudi kijijini. Ni ushauri wa busara na sitaki kuusikia wiki hii. Kwa nini gari langu libebe betri ya kijiji kizima? Wao wenyewe si wazime redio? Labda nitaubeba ushauri huo Agosti, jua likitoka na moyo ukilainika, lakini msinishike kwa hilo.

Kwa waya siombi msamaha. Wanitoe jikoni, wanitoe kwaya, wanitoe hata kwenye picha ya ruracio. Ufunguo wa stoo apewe anayeutaka, na ajue kwamba sufuria kubwa kuliko zote inavuja kwenye mkono wa kushoto, isijazwe mchuzi. Mfaransa atabaki langoni kwangu na viti vyake saba. Kesho saa kumi na moja na nusu nitawasha, nitamngoja apate joto, na Maitũ atafika kwenye mashine akiwa mkavu na kwa wakati. Atakayelionea gari hilo haya asilipande.

Lakini kwa ile sentensi, ndiyo. Miaka miwili nilitunza ulimi wangu, nikaona fahari jinsi nilivyoutunza, kumbe nilikuwa naiweka akiba. Walinihukumu leo kwa kosa ambalo si kosa, halafu nikatoka nje, kwenye manyunyu, na kulitenda lililo kosa kweli, pasipo shahidi yeyote wa kunihukumu. Mama Shiko hatamwambia mtu. Namjua. Atanyamaza kama nilivyonyamaza mimi, na kila asubuhi akiwasha gari kwenda kazini atanisikia nikisema.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nikimtoa Maitũ hospitali na kumlaza, nitaliacha gari ndani, nifunge lango, niende kwa Mama Shiko kwa miguu. Sitaenda na mtu wa kunisaidia kusema. Sitaeleza habari za kompyuta wala za kuku wa Kerugoya. Nitasema pole, lile neno dogo nililoshindwa nalo leo, kisha ninyamaze.

Sijui kama atanifungulia. Mimi aliponigongea alfajiri ile nilimfungulia, tena na nguo za kulalia.

Ona sasa. Nimeanza tena.